Kuwafundisha Watoto Kutunga na Kuchora Katuni Zao Wenyewe

Mwalimu wa sanaa anapowaambia wanafunzi wa darasa la nne kwamba leo watachora katuni, bila maandalizi mengine, mara nyingi hupokea picha za namna moja: mtu amesimama katikati ya ukurasa akitazama mbele, na juu ya kichwa chake pana puto dogo ambalo maneno yake yamebanana hadi herufi za mwisho zimepandana. Tatizo hapo haliko mkononi mwa mtoto. Ameambiwa achore, naye amechora. Lakini katuni ni usimulizi unaofanywa kwa picha, na usimulizi huo hakufundishwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mpangilio wa matukio, unaendelea na maneno, na unauchelewesha uchoraji kwa makusudi, ingawa kipindi chenyewe kinaitwa cha sanaa. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la tatu hadi la sita, katika darasa linaloweza kuwa na watoto 60 au zaidi na vifaa vichache.

Vifaa

Penseli, raba, rula, kalamu ya wino mweusi, mkasi na karatasi nyeupe za A4 zinatosha. Karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja, ambazo hazikosekani katika ofisi ya shule, zinafaa sana kwa michoro ya awali, na ni vyema zitangulie, kwa kuwa mtoto aliyekabidhiwa karatasi safi huogopa kuiharibu na hushinda anafuta. Rangi si lazima. Kwa maoni yangu ni afadhali zisionekane kabisa hadi kazi ya mwisho, maana penseli za rangi zikishaingia darasani, mazungumzo yote huhamia kwenye swali la nani ameshika nyekundu.

Kipindi cha kwanza ni cha kusoma

Kabla ya kuchora chochote, watoto wasome katuni kwa namna ambayo hawajazoea. Kusanya kutoka magazetini katuni zenye visanduku vitatu au vinne, zile ambazo unaridhika kwamba mzaha wake unawafaa watoto, ukate kila kisanduku peke yake na uvichanganye. Kila kundi la watoto watano au sita lipewe katuni moja iliyovurugwa, livipange visanduku upya na kisha lieleze mbele ya darasa limejuaje kwamba hiki kinatangulia na kile kinafuata. Majibu yao ndiyo somo lenyewe. Mmoja atasema kwamba hapa glasi ni nzima na pale imevunjika. Mwingine atasema kwamba huyu amevaa kofia, na hapa kofia imeanguka, kwa hiyo picha ya kofia iliyoanguka lazima ije baadaye. Bila kuambiwa, wamekwisha kutambua kwamba msomaji wa katuni hulinganisha picha na picha, na kwamba mchoraji ndiye humwekea alama za kulinganisha.

Magazeti ya Kiswahili yana urithi mzuri wa katuni, na inafaa watoto waujue japo kwa ufupi. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Mwalimu akiwataka watoto wakawaulize babu na bibi zao kuhusu wahusika hawa, huenda wakarudi na masimulizi mengi kuliko alivyotarajia, na watakuwa wamejifunza jambo ambalo litahitajika baadaye: mhusika mmoja anayerudi kila mara katika sura ileile humfanya msomaji amtafute gazetini hata kabla ya kusoma habari za ukurasa wa mbele.

Zoezi la pili katika kipindi hichohicho ni kuficha maneno. Bandika vipande vya karatasi nyeupe juu ya maputo ya katuni moja, upige fotokopi, uwagawie watoto na uwaachie waandike maneno yao. Picha zilezile zitazaa ugomvi katika kundi moja, posa katika kundi jingine, na udalali wa ng'ombe katika la tatu. Hapo hata mtoto anayesisitiza kwamba hajui kuchora anakuwa ametunga katuni, na upinzani wake kwa sehemu kubwa huisha.

Visanduku vinne na mbuzi mmoja

Sasa watoto watunge hadithi. Usiwaambie watunge hadithi yoyote wanayotaka, kwa kuwa uhuru mpana kiasi hicho huwarudisha kwenye wapiganaji wenye misuli waliowaona kwenye televisheni. Wape kiini kidogo cha maisha ya kila siku: kitu kimepotea, mnyama ameingia mahali asipotakiwa, mtu amechelewa. Kisha utunge mfano mmoja ubaoni pamoja nao, ukiuliza na kuandika, bila picha yoyote kwanza. Huu hapa mfano unaofaa.

Asha anaandika kazi ya nyumbani barazani. Mama yake anamwita, naye anaitika "Abee, mama!" na kuondoka, huku daftari likibaki kwenye mkeka. Mbuzi wa jirani anasogea. Kesho yake shuleni, mwalimu anadai daftari, na Asha anaingia darasani akimvuta mbuzi kwa kamba: "Mwalimu, kazi yangu yote nimekuja nayo."

Gawanya hadithi hiyo katika sentensi nne, uzipe namba, kisha kwa kila sentensi uwaulize watoto maswali mawili tu: nani anaonekana hapa, na ni kitu gani kimebadilika tangu kisanduku kilichotangulia? Sentensi ambayo haibadilishi chochote haistahili kisanduku. Mtoto anayeandika kwamba Asha aliamka, akapiga mswaki, akanywa chai, akavaa sare, akaenda shule, ataligundua hilo mwenyewe anapolazimika kueleza mswaki unaisogeza vipi hadithi ya mbuzi. Kikomo cha visanduku vinne kina faida hiyo, nacho kishikiliwe kwa ukali katika kazi ya kwanza hata wanapolalamika kwamba hadithi yao ni ndefu.

Jambo la kukaa nalo zaidi ni kile kisichochorwa. Katika mfano huu, je, ni lazima tumwone mbuzi akitafuna daftari? Waulize watoto, nao watagawanyika. Wengi watataka kuchora tendo lenyewe, kwa sababu ndilo linalowachekesha. Basi wachore namna zote mbili kwa haraka: katika ya kwanza mbuzi anatafuna waziwazi, katika ya pili kisanduku cha tatu kinaonyesha mbuzi akilitazama daftari tu, na cha nne kinaruka hadi darasani. Wakibadilishana karatasi na makundi mengine wataona kwamba katika namna ya pili msomaji husita kidogo, kisha hucheka, kwa sababu tendo la kula amelikamilisha mwenyewe kichwani. Nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku ndipo msomaji anapofanya kazi yake, na mtoto aliyelielewa hilo akiwa na umri wa miaka kumi amepata jambo kubwa kuliko ufundi wa kuchora pua.

Hadithi ikishakubalika, kila mtoto achore kielelezo kidogo kisichozidi ukubwa wa kiganja, chenye visanduku vinne, ambamo watu ni vijiti na vichwa ni miduara. Kazi hii isipewe zaidi ya dakika kumi. Mwalimu apite kati ya madawati akisoma vielelezo hivyo bila kuomba maelezo. Pale asipoelewa, aseme tu kwamba hapa hakuelewa, na amwachie mtoto atafute dawa. Kurekebisha mchoro wa vijiti hakuumi, ilhali kumwambia mtoto aanze upya baada ya kutia wino na kivuli ni kumvunja moyo.

Mhusika anayetambulika

Watoto wengi humchora Asha wa kisanduku cha kwanza na Asha wa kisanduku cha nne kama watu wawili tofauti. Suluhisho ni kumpunguza mhusika hadi abaki na alama chache ambazo mkono wowote unaweza kuzirudia: umbo la kichwa, namna ya nywele, na kitu kimoja cha mavazi. Asha awe na mabutu mawili na gauni la madoa. Mwalimu awe na miwani na tai. Mbuzi awe na ndevu na doa moja jeusi mgongoni. Kisha kila mtoto amchore mhusika wake mara sita kwenye karatasi chakavu: akitazama mbele, akitazama pembeni, akikimbia, akiwa ameketi, akiwa na hasira na akiwa anacheka. Ukurasa huo abaki nao mezani hadi kazi iishe.

Kwa hisia, nyusi na mdomo vinatosha. Chora ubaoni miduara minane yenye macho ya nukta mbili, kisha ubadilishe nyusi na midomo tu, ukiwauliza watoto huyu anahisi nini. Nyusi zilizoinama kuelekea katikati ni hasira, zilizoinuka katikati ni huzuni au wasiwasi, na zilizopaa juu pamoja na mdomo wa duara ni mshangao. Watoto hulifurahia zoezi hili kiasi kwamba ni vigumu kulikatisha, na sioni sababu ya kulikatisha mapema.

Hapa pia ndipo pa kuweka kanuni ya adabu. Katuni huuma, na darasani daima yupo mtoto atakayetaka kumchora mwenzake mnene au mwenye kigugumizi. Tangaza mapema kwamba wahusika hawatapewa majina wala alama za mwili za mtu yeyote wa shule hiyo, walimu wakiwemo, na kwamba dhihaka ielekezwe kwenye matendo: uvivu, uroho, majivuno, uongo. Fisi na sungura wa ngano zetu wamebeba tabia hizo kwa vizazi vingi, wala hakuna mwanafunzi wa kuumizwa nao.

Kuhusu wale wapiganaji wenye misuli, si busara kuwapiga marufuku kabisa. Mtoto anayeng'ang'ania shujaa wake anayeruka angani aambiwe amlete shujaa huyo mtaani kwake, kwenye foleni ya bomba la maji au ndani ya daladala iliyojaa, ambako uwezo wake wa kuruka haumsaidii. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi nzuri huanza.

Maneno kwanza, puto baadaye

Kanuni moja ya ufundi huokoa kazi nyingi: maneno huandikwa kwanza, na puto huchorwa kuyazunguka. Mtoto anayeanza na puto hukosa nafasi kila mara. Kwa hiyo katika kila kisanduku apige mistari miepesi kwa rula, aandike maneno kwa herufi kubwa zenye kimo kinacholingana, ayazungushie puto, na ndipo aanze kuchora watu katika nafasi iliyobaki. Maneno yakae sehemu ya juu ya kisanduku, na mkia wa puto uelekee mdomoni mwa msemaji. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, anayesema kwanza akae kushoto, au puto lake liwe juu ya la mwenzake. Asha akichorwa kulia na mwalimu kushoto, halafu Asha ndiye anayeanza kusema, msomaji atapata jibu kabla ya swali.

Puto moja lisizidi maneno kumi au kumi na mawili. Kikomo hiki ni cha kikatili kwa kiasi fulani, ila huwafundisha watoto kuacha maneno yanayorudia picha. Kama mbuzi anaonekana, hakuna haja ya Asha kusema "Tazama, huyu hapa mbuzi." Mawazo yawekwe katika umbo la wingu lenye viduara vidogo badala ya mkia, kelele ziwekwe katika puto lenye miiba, na maelezo ya msimulizi, kama vile "Kesho yake asubuhi", yawekwe ndani ya mstatili kwenye kona ya juu.

Kiswahili kinampa mchoraji wa katuni utajiri mkubwa wa sauti, nao usiachwe. Watoto wanaofuata katuni za kigeni huandika milio ya kigeni bila kufikiri, na hali lugha yao ina tanakali kwa karibu kila tukio: mtu huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu, huanguka sakafuni pu, hulala fofofo na hunyamaza jii. Tengenezeni orodha ubaoni pamoja, kila mtoto alete moja anayoisikia nyumbani, kisha maneno hayo yachorwe kama sehemu ya picha: chubwi liandikwe kwa herufi zinazoruka kama matone, pu liwe zito na nene, na jii liandikwe kwa herufi ndogo mno katikati ya kisanduku kitupu. Huu ni uchoraji wa kweli wa herufi, na mwalimu wa Kiswahili akialikwa katika kipindi hiki hatajuta.

Mbali na karibu

Watoto huchora kila kisanduku kwa umbali uleule, watu wakionekana kutoka kichwani hadi miguuni kama waliopangwa kupigwa picha ya darasa. Waonyeshe namna ya kutengeneza fremu kwa vidole gumba na vya shahada, wamtazame mwenzao kupitia fremu hiyo kutoka mlangoni, kisha wakiwa hatua tatu kutoka kwake, kisha karibu hadi waone jicho tu. Baada ya hapo wapewe sharti moja: katika visanduku vinne, kimoja kiwe cha mbali ili kionyeshe mahali, na kimoja kiwe cha karibu sana. Kwa hadithi ya Asha, kisanduku cha kwanza kinaweza kuonyesha nyumba nzima na baraza, na cha tatu kikawa jicho la mbuzi na kona ya daftari. Hilo linatosha kwa kiwango hiki. Habari za mtazamo wa juu na wa chini zisubiri mwaka mwingine.

Kijitabu cha karatasi moja

Kazi ya visanduku vinne ikishafaulu, watoto wako tayari kutengeneza kitabu, na karatasi moja ya A4 inatoa kitabu cha kurasa nane. Kunja karatasi katikati mara tatu, kila mara ukikutanisha kingo fupi, kisha uikunjue: utaona mistatili minane, kila mmoja wa takriban sentimita 7.4 kwa 10.5. Ikunje tena nusu, kingo fupi zikikutana, na kwa mkasi ukate kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, hadi unapokutana na mkunjo unaoukatiza, usipite hapo. Ikunjue, utakuwa na mpasuo katikati ya karatasi. Sasa ikunje kwa urefu, shika ncha zake mbili na uzisukume kuelekea katikati mpaka mpasuo ufunguke na kurasa zikutane, halafu zilaze upande mmoja. Hakuna gundi wala pini.

Kabla ya kuchora, kila mtoto aandike namba za kurasa kwa penseli kitabu kikiwa kimekunjwa, kuanzia jalada hadi ukurasa wa nyuma, kisha akikunjue. Ataona kwamba kurasa nne ziko kichwa chini. Asipofanya hivyo atachora zote zikitazama juu, na kitabu kikikunjwa nusu ya wahusika watakuwa wanatembea kwa vichwa.

Jalada lina jina la hadithi na la mtungaji, ukurasa wa nyuma una neno "Mwisho" au tangazo la hadithi itakayofuata, na kurasa sita za ndani zinabeba hadithi. Kwa watoto wadogo, ukurasa mmoja uwe kisanduku kimoja. Wakubwa wanaweza kugawa ukurasa mara mbili. Katika darasa kubwa ni halali kabisa kugawana kazi: mmoja atunge, mmoja achore kwa penseli, mmoja aandike maneno, mmoja atie wino, kama wafanyavyo wachapishaji wengi wa katuni, ilimradi katika kitabu kinachofuata wabadilishane.

Faida kubwa ya muundo huu ni kwamba kurasa zote nane ziko upande mmoja wa karatasi, hivyo fotokopi moja ni nakala moja ya kitabu kizima. Ili nakala itoke vizuri, mistari yote itiwe wino mweusi na penseli ifutwe baada ya wino kukauka. Penseli na wino wa buluu hufifia mashineni. Acha pia pambizo ya karibu sentimita moja kila ukingo, maana mashine nyingi hazifiki mwisho wa karatasi.

Kusahihisha

Katuni isisahihishwe kama mchoro wa chungu au ua. Msahihishaji wa kwanza awe mtoto wa kundi jingine, ambaye atasoma kitabu kimya, kisha amweleze mtungaji hadithi aliyoipata. Kama maelezo yake yanalingana na kusudio la mtungaji, kazi imefaulu, hata kama mikono ya Asha ina vidole vitatu. Pale yanapotofautiana, wawili hao watafute kisanduku kilichowapoteza. Mwalimu anapotoa alama, nusu ziende kwenye mtiririko wa hadithi, na zilizobaki zigawanywe kati ya utambulisho wa wahusika, usomekaji wa maneno na unadhifu. Tahajia isahihishwe katika hatua ya penseli, kabla ya wino, ili kitabu chenyewe kisiguswe kwa kalamu nyekundu. Nakala moja ya kila kitabu ibaki katika maktaba ya darasa, ndani ya boksi lolote la katoni, na mtungaji apewe nyingine aende nayo nyumbani.